Ganzi ya Usiku: Ugonjwa wa Mikono ya Wafanyakazi

Mkono ndio mali ya kwanza ya mfanyakazi. Mkulima aweza kukopa jembe, na fundi aweza kuazima nyundo, lakini hapana awezaye kuazima mkono. Ukiharibika mkono wa baba au wa mama, nyumba nzima huona shida: unga haununuliwi, karo ya shule hailipwi, na mgonjwa mwenyewe hukaa barazani akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Watu wa Shituru wanalijua jambo hilo bila kufundishwa. Komuni yao ni moja katika zile nne za mji wa Likasi, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Panda, umbali wa kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi. Mwaka 1929 kampuni ya Union Minière ilianza kuendesha hapo kiwanda cha kutoa shaba kwa asidi na umeme. Mji huo uliitwa Jadotville kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1966 uliporudi kuitwa Likasi. Mwaka 1967 mali ya kampuni iliingia mikononi mwa Serikali, na baadaye shirika likaitwa Gécamines. Majina yamebadilika na wakubwa wamebadilika, lakini kazi imebaki kazi: kuvunja, kuchota, kubandua, kukaza, kulegeza, kuinua. Na kazi hizo zote hupitia mahali pamoja katika mwili, yaani kifundo cha mkono.

Juma hili twataka kueleza habari za ugonjwa mmoja unaokaa ndani ya kifundo hicho. Hauui mtu wala hauleti homa, na kwa sababu hiyo wengi huudharau. Lakini ukiachwa mpaka mwisho, waweza kuuondolea mkono nguvu zake kwa maisha yote. Na ukitambuliwa mapema, mara nyingi hutulizwa kwa mambo madogo yasiyotaka fedha nyingi.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu hubisha hodi usiku. Mtu hulala mzima. Kati ya usiku huamka, mkono umekufa ganzi, vidole vyachoma na kutambaa kama vimeingiwa na siafu. Huuning'iniza mkono nje ya kitanda, huukung'uta kama mtu akung'utaye maji, na baada ya dakika chache ganzi hupungua. Hulala tena. Asubuhi vidole ni vizito, na vifungo vya shati havifungiki upesi.

Baada ya majuma au miezi, ganzi haingoji usiku tena. Huja mchana, mtu anaposhika usukani wa baiskeli, anapoinua simu sikioni, au anapotwanga sombe. Kisha vitu huanza kuanguka mkononi: leo kikombe, kesho spana. Mwenye mkono hushangaa, kwa maana hakuhisi kwamba ameachia.

Basi, ndugu msomaji, ukiona hayo, chunguza ni vidole gani vinavyokufa ganzi. Katika ugonjwa huu ni kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete, yaani ule upande unaokielekea kidole cha kati. Kidole cha mwisho hubaki kizima. Hiyo ndiyo alama yake kubwa, na ni vema kuikumbuka, kwa sababu itamsaidia sana mganga wa hospitali atakapokuuliza.

Watu wana maelezo yao. Mmoja asema ni baridi iliyoingia mifupani. Mwingine asema kuna jirani mwenye kijicho aliyeufunga mkono. Msimamizi wa kazi naye asema ni uvivu tu, kwa sababu mkono wautazama nao hauna jeraha. Wote watatu wamekosa. Sababu iko ndani, na yaonekana wazi kwa mtu aujuaye mwili ulivyoumbwa.

HANDAKI DOGO NDANI YA MKONO

Likasi ni mji wa watu waliozoea machimbo, basi tutumie mfano wa machimbo. Katika kifundo cha mkono, upande wa kiganja, mna njia nyembamba kama handaki. Sakafu yake na kuta zake ni mifupa midogo minane. Dari yake ni ukano mpana na mgumu, uliotandazwa kutoka upande huu wa kifundo mpaka upande ule. Mifupa haisogei, na dari hainyumbuki.

Ndani ya handaki hilo hupita vitu kumi. Tisa ni kano, yaani kamba zinazotoka katika misuli ya mkono wa mbele na kwenda kukunja vidole. Cha kumi ni mshipa wa fahamu, uitwao mshipa wa kati. Huo ni kama waya wa umeme: huleta hisia za vile vidole tulivyovitaja, na hupeleka amri kwa nyama iliyo chini ya kidole gumba. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine usiopita katika handaki hili, ndiyo maana hakishiriki katika ganzi.

Sasa, kamba zikifanya kazi kupita kiasi, au mwili ukiwa na maji mengi, vitu vilivyomo ndani huvimba. Handaki haliwezi kupanuka. Nani basi ataumia? Ni yule aliye laini kuliko wote, yaani mshipa wa fahamu. Hubanwa, damu inayoulisha hupungua, nao huanza kulalamika kwa ganzi na kuchoma.

Mwaka 1981 waganga wa Marekani waliupima mbano huo kwa bomba jembamba lililoingizwa ndani ya kifundo. Kwa watu wazima wa afya, mkono ukiwa umenyooka, walipata kadiri ya milimita 2.5 za zebaki. Ukikunjwa sana kwa ndani, kadiri ya 31. Kwa wagonjwa, mkono ulionyooka ulikuwa tayari na 32. Ukikunjwa kwa ndani ulifika 94, na ukipindwa kwa nyuma 110. Hesabu hizo zafundisha jambo kubwa: kuukunja mkono peke yake kwatosha kuzidisha mbano mara nyingi. Ndiyo sababu ganzi huja usiku, kwani wengi wetu hulala tumeikunja mikono chini ya shavu au kifuani.

Mshipa ukibanwa kwa muda mfupi, hupona ukiachiliwa. Ukibanwa kwa miaka, nyuzi zake hufa. Hapo ganzi haiondoki tena hata ukikung'uta mkono, na nyama ya chini ya kidole gumba hukonda mpaka pakawa bonde mahali palipokuwa na kilima. Mtu aliyefika hapo hawezi tena kushika sindano wala kufungua kizibo. Kati ya ganzi ya kwanza na bonde hilo mara nyingi kuna muda wa kutosha wa kujiokoa, na hasara kubwa ya ugonjwa huu ni kuupoteza muda huo.

WALIOUCHUNGUZA

Mwaka 1700 mganga Bernardino Ramazzini wa Modena, katika Italia, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi. Aliwatazama wachimbaji, wafinyanzi, wafuaji nguo na makarani, akaona kwamba mikono ya makarani huchoka na kuuma kwa kuandika mfululizo. Yeye ndiye aliyewahimiza waganga wamwulize mgonjwa swali moja zaidi juu ya yale ya zamani: Kazi yako ni nini?

Mwaka 1854 James Paget wa London alieleza habari za mshipa wa kati uliobanwa baada ya kifundo kuvunjika. Mwaka 1880 James Putnam wa Boston aliandika juu ya wagonjwa 37, wengi wao wanawake, walioamshwa usiku na ganzi ya mikono. Mwaka 1913 Wafaransa wawili, Pierre Marie na Charles Foix, waliona kwa macho mshipa uliovimba juu ya ile dari ya handaki, nao wakafikiri kwamba kuikata dari kungemponya mgonjwa. Katika miaka ya 1950, George Phalen wa Cleveland, Marekani, aliueneza ujuzi huo kwa waganga wengi. Katika hospitali za Kongo, ambako husemwa Kifaransa, ugonjwa huu huitwa kwa jina la handaki lake, canal carpien.

NANI HUUPATA?

Sababu ni za namna mbili: za mwili na za kazi.

Kwa upande wa mwili, wanawake huupata kuliko wanaume. Mama mwenye mimba huupata mara nyingi katika miezi ya mwisho, kwa ajili ya maji yanayoongezeka mwilini. Kwa wengi hupungua baada ya kuzaa, kwa hiyo asiogope. Ugonjwa wa sukari, baridi yabisi ya viungo, upungufu wa kazi ya tezi ya shingo, unene mwingi, na mfupa wa kifundo uliovunjika zamani ukaungwa vibaya, yote hayo huufungulia mlango.

Kwa upande wa kazi, mambo manne hulaumiwa. La kwanza ni nguvu nyingi za kushika na kubana. La pili ni kurudia tendo lile lile mara elfu kwa siku. La tatu ni mkono uliokunjwa au kupindwa wakati wa kazi. La nne ni mtetemo wa mashine uingiao viganjani. Jambo moja peke yake huenda lisiumize sana. Lakini yakikutana mawili au matatu, hatari hukua.

Hapa yafaa kusahihisha uvumi. Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa huu ni wa makarani wa kompyuta. Wataalamu waliochunguza hawakupata ushahidi wenye nguvu juu ya kompyuta. Ushahidi ulio imara zaidi ni juu ya kazi za nguvu, za kurudiarudia na za mtetemo. Kwa maneno mengine, mwenye nyundo ana hatari kuliko mwenye kalamu.

KAZI ZA SHITURU NA ZA NYUMBANI KWETU

Tutazame basi kazi tunazozijua. Katika kiwanda cha shaba cha namna ya Shituru, madini huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha maji hayo ya shaba hupitishiwa umeme ndani ya birika kubwa. Shaba hushikamana juu ya mabamba, tabaka juu ya tabaka. Kisha bamba hutolewa, na shaba hubanduliwa. Mahali pasipo na mashine ya kubandua, mtu huibandua kwa mikono, akigonga, akichokonoa na kuvuta, bamba baada ya bamba, hali amevaa glavu nene zinazomlazimisha kubana zaidi. Hapo nguvu, marudio na mpindo wa mkono vimekutana. Fundi wa mashine naye hukaza na kulegeza kwa spana, mkono umepindwa katika mahali pembamba.

Mwenye kutoboa mwamba kwa mashine ya hewa hukutana na mtetemo. Mwaka 1918 mganga mwanamke Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, katika jimbo la Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Aliona vidole vyao vikigeuka vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Huo ni ugonjwa mwingine, wa mishipa ya damu, lakini ni ndugu wa huu tunaousimulia, na mara nyingi wawili hao humwingia mtu mmoja.

Kuna tena wale wasio na kiwanda wala bwana: wachimbaji wa mkono, walio wengi katika nchi ya Katanga. Hupasua mwamba kwa tindo na nyundo tangu asubuhi mpaka jioni. Karibu nao wako akina mama wapondao mawe na kuchekecha mchanga wa madini ndani ya maji, mikono imekunjwa. Hulipwa kwa mfuko, si kwa saa, na kwa hiyo kila dakika ya kupumzika huonekana kama fedha iliyotupwa.

Wala tusisahau kazi za nyumbani. Kutwanga sombe kwa mchi mzito, kukamua nguo zilizolowa, kusonga bukari katika sufuria kubwa ya jamaa nyingi, kushona kwa cherehani ya mkono, kukata nguo kwa makasi makavu, yote hayo hupitia lile handaki dogo. Mama aliyefanya kazi ya mshahara mchana huongeza na kazi hizi jioni, na mkono wake haupati nafasi ya kutulia.

KAZI IFUATE MWILI

Mwaka 1857 Mpolandi mmoja, Wojciech Jastrzębowski, alitunga neno ergonomia kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake kazi, na la pili maana yake sheria. Ni elimu ya kuitengeneza kazi ili ipatane na mwili, badala ya kuulazimisha mwili upatane na kazi. Jina ni la kigeni, lakini jambo lenyewe wazee wetu walilijua: fundi mwema huchonga mpini kwa kadiri ya mkono utakaoushika. Haya ndiyo mashauri yake makubwa.

Kwanza, nyosha kifundo. Mkono uwe katika mstari mmoja na mkono wa mbele, kama mtu amsalimuye mwenzake. Ukiona umeukunja, usiulazimishe; sogeza mwili wako, au geuza kitu unachokifanyia kazi. Mpondaji akiweka jiwe juu ya gogo, kiasi cha chini kidogo ya kiwiko, atapiga kwa bega na mkono mzima, wala si kwa kifundo.

Pili, tengeneza mpini. Mpini mwembamba mno hulazimisha vidole kubana sana. Mnene mno haushikiki. Kwa watu wengi, unene wa sentimita 3 hadi 4 hufaa. Mpini mwembamba waweza kuuzungushia kitambaa au mpira wa gurudumu kuukuu uliofungwa imara. Usiwe na kona kali zinazochoma katikati ya kiganja.

Tatu, punguza nguvu. Tindo butu, makasi makavu na kisu kisichonolewa hudai nguvu maradufu. Kunoa ni dawa. Nati iliyoshika kutu ipakwe mafuta, ikae, kisha ifunguliwe kwa spana yenye mpini mrefu. Glavu ziwe za kadiri ya mkono. Zikizidi ukubwa hulazimisha kubana.

Nne, pumzika kidogo kidogo. Dakika moja au mbili mara nyingi kwa siku hufaa kuliko saa nzima mwisho wa kazi, wakati mkono umekwisha kuvimba. Fungua vidole, ning'iniza mikono, zungusha mabega.

Tano, badilishaneni. Watu wawili wakipeana zamu, mmoja akiponda na mwenzake akichekecha au kubeba, kisha wakageuzana, kazi haipungui na mikono hupata nafasi. Shauri hili lawafaa hasa wale wanaolipwa kwa mfuko, kwa maana haliwapotezei hata mfuko mmoja.

Sita, jihadhari na mtetemo. Mashine iliyolegea au yenye ncha butu hutetemeka zaidi, kwa hiyo itunzwe. Ishikwe kwa nguvu zinazotosha tu, wala si kwa kuikaba. Mtu mmoja asiishike mchana kutwa.

Ninyi wanafunzi, nanyi mnayo sehemu yenu. Msibane kalamu kama mtu ashikaye nyoka. Kalamu yatii hata ikishikwa polepole. Mwenye simu asiishike usiku kucha, mikono imekunjwa kifuani. Na mkimwona mama akitwanga kwa uchungu, mpokeeni mchi bila kungoja kuitwa.

UKIISHA KUINGIA

Akiona dalili tulizozitaja, mtu ajipime hivi: aziweke migongo ya mikono ikabiliane mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, vifundo vimekunjwa bila kulazimishwa, angoje kwa dakika moja. Ganzi ikija katika vile vidole, ni ishara ya kumwendea mganga. Kipimo hiki kilienezwa na yule Phalen tuliyemtaja. Si hukumu kamili, lakini ni kama kengele.

Tiba ya kwanza ni banzi. Kipande cha ubao laini au plastiki hufungwa kwa kitambaa upande wa ndani wa mkono, tangu katikati ya mkono wa mbele mpaka kiganjani, ili kifundo kisikunjike usiku. Kisikazwe, vidole viwe huru na vya rangi yake. Mtu huvaa kila usiku kwa majuma sita hivi, na wengi wenye ugonjwa mwepesi hupata nafuu, hasa wakibadili na namna yao ya kufanya kazi.

Isipotosha, mganga aweza kuchoma sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe karibu na handaki. Nafuu yake mara nyingi ni ya miezi tu. Na ikiwa ganzi haiondoki, au nyama ya kidole gumba imeanza kukonda, huwa ni kazi ya kisu: mganga mpasuaji huikata ile dari, na mshipa hupata nafasi. Kupasua huko ni kwa muda mfupi, na mara nyingi hufanywa mgonjwa akiwa macho, mkono peke yake umetiwa dawa ya ganzi. Lakini kazi nzito haifai mpaka yapite majuma kadhaa, na nyama iliyokwisha kukauka huenda isirudi. Kwa hiyo asichelewe.

Jambo la kukataza kwa nguvu ni kuchanja kifundo kwa wembe ili kutoa eti damu mbaya. Mshipa wa kati haupo mbali na ngozi mahali hapo, na mkato mmoja waweza kumaliza kile ambacho ugonjwa ulikuwa haujakimaliza.

Tena, si kila ganzi ni ugonjwa huu. Ikiwa ganzi iko katika kidole cha mwisho, au katika miguu, au ngozi ina baka lisilosikia joto wala mchomo, nenda dispensari bila kuchelewa, kwa maana huenda ni ukoma au ugonjwa wa sukari. Ukoma ungali waonekana katika Kongo, lakini hupona kwa vidonge, na tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure duniani kupitia Shirika la Afya la Ulimwengu. Na mtu ambaye mkono wake umelegea ghafula, mdomo umepinda au maneno hayatoki, huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

WAJIBU WA MWENYE KAZI

Mfanyakazi peke yake hawezi kuyatengeneza yote. Hachagui urefu wa meza ya kiwanda, wala hanunui mashine. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na yataja kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Kamati hiyo isihesabu vidole vilivyokatwa tu. Iulize pia ni nani anayeamshwa usiku na ganzi. Watu wa sehemu moja ya kazi wakiwa wengi wenye dalili hiyo, basi kazi yenyewe ndiyo inayougua.

Nchi nyingine zimekwisha kuliona hilo. Ufaransa huuhesabu ugonjwa huu katika jedwali lake la 57 la maradhi ya kazi, na mfanyakazi aliyeupata kwa kazi ana haki ya kulipwa. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kipimo cha mtetemo ambacho hapana mfanyakazi aruhusiwaye kukipita kwa siku moja. Katika Kongo, hatari za kazi ni jambo la CNSS, ile hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo mwajiriwa aonaye dalili amwambie mganga wa kampuni mapema, ahakikishe neno lake limeandikwa katika daftari, na aitunze karatasi atakayopewa. Maneno ya mdomo husahaulika.

Msimamizi mwenye busara hatamwita mtu wa namna hiyo mvivu. Atamwondoa katika nyundo kwa majuma machache, amtie katika kazi nyingine, na atapata faida, kwa sababu fundi aliyezoea kazi kwa miaka 15 hanunuliwi sokoni. Mume naye, mkewe akilalamika juu ya mikono usiku, asigeukie ukutani na kulala. Amtafutie banzi, na kesho amsaidie kukamua nguo. Nao wachimbaji wasio na bwana ndio wanaohitaji zaidi kuangaliana wao kwa wao, kwani hapana kamati itakayowauliza habari zao.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ganzi ya usiku ndiyo ufa. Hauonekani kwa mtu mwingine, hautoi damu, na mchana husahaulika. Aliyeamka nayo usiku wa leo na ainyoshe mikono yake kabla ya kulala tena, na kesho, kabla ya kushika nyundo, autazame mpini wake.